Mikono hii 🙏 si sala ya kanisani

Miaka nenda rudi, kwenye makundi ya WhatsApp ya huku Tanga, hasa ya misiba, ubishi huu hauishi. Shangazi anaandika "Inna lillahi" na kuweka 🙏, mara anafuatwa pembeni: "Hiyo ni sala ya kanisani, sisi tunainua viganja." Vijana nao wanashikilia kuwa ni watu wawili wanaogonga tano. Hebu fikiria maana hiyo chini ya tangazo la maziko!

Sivyo. Emoji hii ina asili ya Japani, ambako mtu huunganisha viganja anaposhukuru, anapoomba radhi au anapoomba msaada. Ilipoingia mwaka 2010 katika Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi na alama za kompyuta, ilisajiliwa kama mtu aliyeunganisha mikono. Mtu mmoja, na dini haikutajwa.

Mkanganyiko ulichochewa na michoro. Kinachosafiri kati ya simu mbili ni namba tu. Picha huchorwa na kampuni ya simu au ya programu. Zamani Apple waliweka miali ya njano nyuma ya mikono, ikaonekana kama viganja vimegongana kwa kishindo. Kwenye simu nyingine alionekana mtu mwenye uso, kafumba macho.

Anayetaka viganja vya dua anavyo: 🤲, vilivyoongezwa mwaka 2017. Lakini shangazi aliyeweka 🙏 ametoa pole kwa heshima, na kumsuta mbele ya wafiwa si haki hata kidogo.