"Ni ile ile siko seli yake"

Kisumu na Siaya, mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi huuita siko seli, akipatwa na jambo geni, jirani husema: "Ni ile ile siko seli yake, mpe dawa ya maumivu atalala." Wengine hutaja chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Chira haihusiki: ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao mara nyingi wenyewe ni wazima.

Hilo la "ni ile ile" ndilo la hatari, maana lina ukweli nusu. Maumivu ya mifupa na macho ya manjano kweli ni kawaida yake. Lakini tumbo likivimba ghafla upande wa kushoto, viganja vikapauka na mtoto akalegea, huenda bandama limenasa damu, na anaweza kufa katika saa chache. Wazazi hufundishwa kliniki kulipapasa bandama wajue ukubwa wake wa kila siku. Kwangu mimi, ujuzi huo unashinda dawa nyingi za kabatini. Mdomo ukienda upande au mkono mmoja ukikosa nguvu, shuku kiharusi, hata kama ana miaka 5. Homa ya nyuzi 38.5 nayo haingoji asubuhi: bandama la watoto hawa halipambani vizuri na bakteria. Na huku ziwani, kukutwa na malaria hakuondoi uwezekano wa maambukizi mengine.

Hospitalini, taja selimundu kwanza, kisha useme waziwazi: hili hajawahi kuwa nalo.