Mshindi wa pili si "second winner"

Wiki iliyopita nilikuwa steshenari hapa Mtwara mjini, nasubiri kazi yangu itoke kwenye printa, akaingia kijana na karatasi ya daftari mkononi. Baada ya shikamoo akaniomba nimkagulie Kiingereza. Anaandaa vyeti vya bonanza la mpira kule Mikindani. Alikuwa ameandika "First Winner", "Second Winner", "Third Winner".

Nafundisha na kufasiri Kiingereza, na kosa hili nalikuta kwenye vyeti, kwenye mabango, mpaka kwenye vikombe. Kwetu mshindi wa tatu ni mshindi kweli, anaitwa mbele na zawadi anapewa. Mwingereza kwenye fainali ana "winner" mmoja tu. Anayemfuata ni "runner-up", na wa tatu anaandikiwa "third place". Nikamwandikia hivyo pembeni kwa penseli.

Kinachotuponza ni kitenzi chetu kushinda, maana kinabeba mizigo mingi. Tumeshinda mechi, tumewashinda Namungo, kazi imenishinda, nimeshinda kwenye mikorosho tangu asubuhi. Ndiyo maana mwanafunzi anaandika "we won them" bila wasiwasi wowote. Kwa Kiingereza mechi au kikombe ndicho unachoki-"win". Timu pinzani una-"beat".

"Champion" ni bingwa, na bingwa hutokana na taji. Mtazameni Alphonce Simbu kwenye marathoni ya Tokyo, Septemba 2025. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, picha ya mstarini ikaamua. Kwa mbio zile Simbu ni "winner". Lakini yalikuwa mashindano ya ubingwa wa dunia, kwa hiyo ni "world champion", na jina hilo anabaki nalo hadi ubingwa ugombewe tena, hata kama katikati atashindwa mbio nyingine. "World winner" haisemwi.

Neno hilohilo lina mtego kwa sisi wafasiri. Nimewahi kukuta "a champion of girls' education" imegeuzwa kuwa bingwa wa elimu ya wasichana, msomaji akabaki kujiuliza ni mashindano gani hayo. Asili yake ni Kilatini, "campus", yaani uwanja. Na zamani "champion" aliweza kuwa mtu anayeingia uwanjani kupigana kwa niaba ya mwenzake. Kwa hiyo hapo sema mtetezi.

"Victor" lina harufu ya vita na ya vitabuni, kwenye cheti cha bonanza halikai. Liweke kwenye Majimaji. Vita vile vilianza 1905 Nandete, Umatumbini, huku kwetu Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Wajerumani ndio waliokuwa "victors" mwishoni. Kinjeketile Ngwale, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya dawa, walimnyonga mwaka uleule wa 1905, na yeye ndiye "hero". Neno hili halingoji matokeo. John Stephen Akhwari alianguka kwenye marathoni ya Mexico 1968, akafika wa mwisho, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Leo anayekumbukwa zaidi ni yeye, na kwa maoni yangu hakuna mfano bora zaidi wa kumpa mwanafunzi.

Kwa mwanamke lipo "heroine", na hapa nawasihi muwe makini na ile "e" ya mwisho. Mwaka juzi asasi moja iliniletea vyeti vya akina mama wanaojitolea kuhudumia wagonjwa vijijini, vimeshachapwa kwa wino wa dhahabu, "e" haimo. Kilichobaki ni jina la unga, dawa ya kulevya. Matamshi ni yaleyale, ndiyo maana waliovisoma kwa sauti hawakushtuka. Vilichapwa upya siku moja kabla ya sherehe, nami nikawashauri waandike "hero" tu, ambalo siku hizi linatumika kwa mwanamke na mwanamume.