Kipimo cha ngozi cha TB: kuvimba si kuugua, kutovimba si kukosa kinga

"Mkono umevimba, basi ana TB." Maneno haya husambaa mtaani haraka, Kampala hata Arua, na yanawaonea watu wazima wasioumwa chochote.

Kipimo cha Mantoux ni mililita 0.1 ya tuberkulini inayochomwa ndani ya ngozi ya mkono, chini ya kiwiko. Wapo wanaoamini wanapandikiziwa ugonjwa. Hapana: zile ni protini zilizosafishwa za bakteria wa kifua kikuu, hamna bakteria hai. Ngozi huvimbishwa na seli T, yaani seli za kinga, za mtu mwenyewe, zilizowahi kukutana na protini za aina hiyo. Hukusanyika polepole, ndiyo maana majibu husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Aliyechanjwa BCG, chanjo ya TB, naye anaweza kuvimba. Ugonjwa wenyewe hutafutwa kwa dalili, makohozi na picha ya kifua.

Wengine hutazama wekundu, ambao kwenye ngozi nyeusi hata hauonekani vizuri. Kinachopimwa ni ugumu: msomaji hupapasa kwa kidole, kisha hupima upana kwa rula. Kwa wengi milimita 10 huhesabiwa kuwa chanya. Kwa mwenye VVU, 5 zinatosha.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: "Hakuvimba, kinga yake imekufa, ana ukimwi." Ni kweli VVU huweza kuzima mwitikio huu. Utapiamlo mkali, surua, hata TB iliyokomaa, huuzima pia. Lakini mtu mzima mwenye afya njema huenda hajawahi kukutana na bakteria huyo. Seli zake zitakumbuka nini? Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya kinga ya seli hategemei tuberkulini peke yake. Huchoma pia kwenye ngozi protini za vitu ambavyo watu wazima wengi wameshakutana navyo, kama kandida (aina ya fangasi), matumbwitumbwi au pepopunda kupitia chanjo.

Katika utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 1997, watu wazima wenye VVU walipimwa kwa tuberkulini na kandida. Isoniazidi, dawa ya TB, kwa miezi 6 iliwapunguzia TB walioitikia tuberkulini. Kwa wasioitikia chochote, faida haikuonekana wazi. Wote hao VVU vyao vilijulikana kwa kupima damu. Ngozi isiyovimba haimpi jirani ruhusa ya kumtangazia mtu ukimwi.