Taa ya UV haiui kijidudu ambacho mwanga haujakifikia

Kila tukipokea wageni maabara hapa Mwanza, wawe wanafunzi au wenyeviti wa mitaa, swali hili halikosekani: "Mtaalamu, kwa nini majitaka msiyapige tu UV yaende ziwani mambo yaishe?" Ni swali zuri na mi nalipenda, maana UV kweli inafanya kazi, ila kuna kitu hapo kati watu wanakiruka na ndo nataka nikiongelee leo.

UV, yani mionzi ya urujuanimno, ni mwanga ambao jicho halioni. Ule wa kuua vijidudu unaitwa UV-C, na taa za zebaki zinazotumika sana zinautoa kwenye nanomita 254 hivi, karibu kabisa na pale ambapo DNA inanyonya mwanga kwa nguvu. Kijidudu kikipigwa hapo vinasaba vyake vinagandana vibaya, kinashindwa kuzaliana, na kijidudu kisichoweza kuzaliana hakikuambukizi ugonjwa hata kama bado kimo majini. Hakuna dawa inayomwagwa, maji yanapita kwenye taa kwa sekunde chache tu basi. Klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu, ikibaki kwenye maji yanayoingia ziwani inadhuru samaki, na sisi huku sato na sangara ndo ada za watoto, kwa hiyo hapo UV inaishinda kabisa. Afu kuna kijidudu cha kuharisha kinaitwa kriptosporidiamu, hicho klorini inahangaika nacho sana lakini UV inakimaliza kirahisi.

Sasa shida iko hapa. Nenda Mwaloni Kirumba uliza mtu yeyote anayeanika dagaa, atakwambia ukiwalundika wa juu wanakauka na wa chini wanaoza, na jua ni lile lile. Majitaka nayo hivyo hivyo. Bakteria aliyejificha nyuma ya chembe ya tope au ndani ya bonge la uchafu yuko kivulini, taa inawaka na yeye anapita salama salama mpaka ziwani. Hata maji yaliyokwisha safishwa vizuri yakaonekana meupe bado yananyonya mwanga: tuseme kila sentimita moja inapitisha asilimia 65, ukifika sentimita 3 kutoka kwenye taa imebaki asilimia 27 hivi, sentimita 5 ni kama 12 tu. Ndo maana taa zinapangwa karibu karibu, na ndo maana majitaka mabichi hayapigwi UV, ni kuchoma umeme bure.

Kwa hiyo UV inakuja mwisho kabisa. Kwanza takataka ngumu zichujwe, tope litulie, vijidudu vinavyokula uchafu vifanye kazi yao, ikibidi maji yapite kwenye chujio la mchanga, halafu ndo taa.

Na mabwawa ya majitaka kama yale ya Ilemela? Yale tayari yanatumia jua, bwawa la mwisho linakuwa na kina kifupi makusudi ili mwanga uingie na maji yanakaa humo kwa siku kadhaa. Mayai ya minyoo yana ganda gumu na UV ya kawaida haiyawezi, lakini bwawani yanazama yenyewe chini, kwa hilo mi nayaheshimu sana mabwawa. Ila maji yake yanatoka ya kijani kwa sababu ya mwani, na mwani unazuia mwanga, ukifunga taa pale bila kuchuja kwanza umepoteza hela.

Kuna mengine pia. Umeme ukikatika taa imekufa na maji hayasubiri, lazima kuwe na jenereta. Kioo kinachofunika taa kinashika ukoko, kisiposafishwa mwanga unafifia. Dozi ya mwanga ikiwa ndogo baadhi ya bakteria wanajitibu wakipata jua huko nje. Naitrojeni na fosforasi UV haigusi kabisa, kwa hiyo magugu maji yataendelea kula vizuri tu.

Nyie wa huku milimani, Mabatini, Igogo na kwingine, naomba sana: matambara, pedi, mafuta ya kukaangia, yasiingie kwenye bomba la majitaka. Na mvua ikinyesha usifungue chemba wala kutapisha choo kwenye mtaro, maana yale yanashuka mto Mirongo moja kwa moja hadi ziwani, hayapiti bwawani wala penye taa yoyote.

Wengine mnauliza kama nyumbani mnaweza kutumia jua. Kwa maji ya kunywa inawezekana (majitaka hapana!). Chukua chupa ya plastiki nyeupe inayoonyesha, isizidi lita 2, jaza maji, funga, ilaze juu ya bati masaa 6 ya jua kali, kukiwa na mawingu iache siku 2, na mvua ikishinda inanyesha achana nayo, chemsha. Kabla hujaianika isimamishe juu ya gazeti, uchungulie kupitia mdomo wa chupa: ukishindwa kusoma maandishi makubwa yaliyo chini, maji yana tope, yachuje kwanza.