Eko imesoma asilimia 60, mbona bado anahema?

Swali hili naulizwa mara nyingi kwenye chumba cha eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti: "Dokta, karatasi inasema moyo unasukuma asilimia 60. Mbona nikipanda ngazi nahema?" Wengi wanaouliza ni vijana ambao valvu yao ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, iliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni. Valvu haifungi vizuri, damu inavuja.

Asilimia yenyewe tunaipata hivi. Mgonjwa analalia ubavu wa kushoto ili moyo usogee karibu na ukuta wa kifua. Natafuta picha ya vyumba vinne, nachora ukingo wa ndani wa chumba cha chini kushoto kikiwa kimejaa kabisa, kisha kikiwa kimebana kabisa. Narudia kwenye picha ya vyumba viwili. Mashine inakigawa chumba kama slesi za mkate na kujumlisha ujazo wake. Hapa pana mtego: probu, kile kifaa ninachokiweka kifuani, ikikaa juu kuliko inavyotakiwa, ncha ya moyo inakatwa na chumba kinaonekana kifupi. Ncha ya kweli ni nyembamba na karibu haitikisiki. Nikiiona inacheza sana, nashusha probu nafasi moja kati ya mbavu na kuanza upya, hata foleni iwe ndefu.

Sasa tuseme chumba kimejaa mililita 190, na baada ya kubana zimebaki 76. Zimetoka 114, ndiyo hiyo asilimia 60. Lakini zimetoka kwenda wapi? Napima mlango wa kuelekea aota, mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini: kipenyo sentimita 2, eneo lake 3.14. Dopla, sehemu ya eko inayopima mwendo wa damu, inanionyesha kwamba kwa kila pigo damu inasafiri hapo sentimita 17. Zidisha, unapata mililita 53 hivi. Hizo ndizo zinazokwenda mwilini. Nyingine 61 zimerudi nyuma, kwenye chumba cha juu kushoto na kuelekea mapafu. Kahema kwa haki kabisa!

Ndiyo maana kwa valvu inayovuja sana, asilimia 60 siifurahii. Msuli una njia rahisi ya kumwaga damu nyuma, ulipaswa kusoma juu zaidi ya hapo. Miongozo ya Ulaya na Marekani inasema ikifika 60 au kushuka, au upana wa chumba kikiwa kimebana ukifika milimita 40, msuli umeanza kuchoka na suala la upasuaji lizungumzwe. Mgonjwa akicheleweshwa, valvu inarekebishwa, ile njia rahisi inazibwa, na msuli uliochoka unabaki peke yake na mzigo wote. Hilo linaniuma kila ninapoliona.

Kwa hiyo ukija kupima, njoo na ripoti zako za zamani, hata kama zimekunjamana. Milimita 39 ya leo naisoma tofauti kabisa nikijua mwaka jana ilikuwa 33.