Kikundi cha Kuacha Pombe Hakitaki Barua ya Chifu

Tangu kampeni ya mwezi huu ya kuhimiza watu kuacha pombe ianze, ofisi yetu ya ushauri nasaha hapa Mombasa inapokea watu wenye bahasha, wakitaka kuandikishwa kwenye kikundi cha kusaidiana kuacha pombe. Ndani mna nakala ya kitambulisho, picha 2 za pasipoti, na mara nyingine barua ya chifu yenye muhuri. Wiki iliyopita mama mmoja alinisukumia yake mezani. "Mwandikishe huyu, afande." Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa, glasi ya maji ameishika kwa mikono miwili isimwagike.

Mimi si afande. Na kikundi cha kusaidiana hakina daftari la kuandikishana.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni ile mikono. Mtu anayekunywa kila siku, yule ambaye asubuhi lazima "atoe loki", yaani anywe kidogo kutuliza mwili, ndipo aweze kufunga vifungo vya shati, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Ndani ya siku 2 za mwanzo anaweza kupatwa na degedege. Kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, na asipotibiwa akafa. Huyo apelekwe hospitali kwanza, kikundi baadaye. Tafadhali msimfungie chumbani mkingoja "pombe imtoke".

Kwa asiye na dalili hizo, njia ni fupi. Piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni ya bure na inapokea saa 24. Usiseme tu "nataka msaada" ukanyamaza. Taja mtaa au mji ulipo, lugha unayoitaka, na kama wewe ndiye mnywaji au ni jamaa yake. Wanaotafuta mikutano ya Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, wengi huviita AA, waulize pia kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi hata ndugu au mwanafunzi anaweza kuingia kusikiliza. Wa ndani ni wa wenye tatizo wenyewe. Kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali kubwa ya umma nayo kwa kawaida hujua vikundi vya karibu. Kabla ya kupanda matatu, hakikisha siku na saa, maana mikutano huhama. Aliye mbali na mji anaweza kuhudhuria kwa simu, ipo mikutano ya mtandaoni.

Ada hakuna. Kikapu hupitishwa, mwenye chochote hutia, asiye nacho hupisha. Sharti la uanachama wa AA, iliyoanza Marekani mwaka 1935, ni moja: uwe na nia ya kuacha kunywa. Nia hiyo mke hawezi kumtilia mume sahihi. Mke ana mikutano yake ya jamaa za wanywaji, Al-Anon, na huko haulizwi kama mume ameacha.

Sasa hili la dini, kwamba vikundi hivi ni vya kanisa, ambalo kila mwaka naambiwa upya. Mikutano mingi hukodi ukumbi wa kanisa kwa sababu ni rahisi na jioni uko wazi. Shekhe wangu, kuingia ukumbi ule hakukubatizi. Wanazungumza juu ya nguvu iliyo kubwa kuliko wao, kila mtu na anavyoielewa. Ajabu ni kwamba mtu aliyeonekana mangweni miaka 10 anaogopa kuonekana mlangoni pa mkutano.

Kuhusu mahakama, nieleze taratibu, kwa kuwa wengi huchanganya. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 kinaruhusu mlevi anayefanya fujo hadharani akamatwe bila hati na kufikishwa kwa hakimu bila kucheleweshwa. Akipatikana na hatia, faini haizidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Akitiwa hatiani zaidi ya mara 3 ndani ya miezi 12, hakimu anaweza kuamuru apate urekebishaji katika kituo cha afya cha umma, kwa gharama yake mwenyewe. Someni vizuri: kituo cha afya cha umma. Kikundi cha kusaidiana hakitekelezi amri hiyo. Vipo vikundi vinavyokubali kumwekea mtu sahihi kwamba alihudhuria, vingine havikubali. Kwa hiyo uliza mapema kabla ya kumwahidi wakili wako.

Vituo vya urekebishaji vya kulala huko huko ni jambo jingine. Hivyo huhitaji kibali cha NACADA, na una haki ya kuomba kukiona kabla ya kulipa hata shilingi. Tunapokea malalamiko ya vijana waliochukuliwa usiku na watu wasiowajua, familia ikiwa imelipa. Sitaki kulisemea zaidi hapa, ila anayekuja na kamba si mshauri nasaha.

Pasipo na kikundi karibu, wawili wanatosha kuanzisha. Sebule moja, chupa ya chai ya tangawizi, saa maalumu isiyobadilika.

Mume yule tulimpeleka hospitali siku ileile. Kabla ya kuinuka aliuliza swali lake la pekee: huko mkutanoni lazima ataje jina la baba? Nikamwambia jina moja tu latosha. Mkewe akaichukua ile bahasha, akaandika 1192 mgongoni mwake.