Wanaokufa barabarani si wale tunaowasikia redioni

Basi likipinduka, taarifa ya habari hufunguliwa nalo. Mama aliyegongwa akivuka kwenda sokoni hatajwi popote, na hapo ndipo hesabu zetu huanza kwenda kombo.

"Wengi hufa kwenye mabasi ya masafa marefu"

Sivyo. Barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni waenda kwa miguu. Hufa mmojammoja, wengi gizani, kwenye barabara wanazozijua. Duniani kote hali inakaribiana na hiyo: kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kati ya watu milioni 1.19 wanaofariki kila mwaka, zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki.

"Aliyegongwa alivuka ovyo"

Wapo, sikatai. Lakini barabara kama ya Thika, iliyokamilika 2012, imepita katikati ya makazi. Mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi, kituo cha matatu akikiona ng'ambo, hazunguki mbali kutafuta daraja la juu. Anayechora barabara anapaswa kulijua hilo kabla ya lami kumwagwa.

"Dereva mzoefu hata akikimbiza, anaimudu gari"

Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hula mita 14 hivi kwa sekunde moja, kabla mguu haujagusa breki. Kwa kilomita 80 ni mita 22. Uzoefu haufupishi umbali huo kwa kiasi cha kumwokoa mtoto aliyechomoka nyuma ya daladala.

"Naenda hapo karibu tu, helmeti ya nini?"

Abiria wa bodaboda ana sababu zake: jasho la wateja wengine, nywele zilizosukwa jana. Jasho lina dawa, vaa kitambaa ndani. Fuvu lililopasuka halina dawa nyepesi hivyo. Na funga mkanda wa kidevuni, maana helmeti iliyolegea huruka kabla kichwa hakijafika chini.

"Mkanda ni wa viti vya mbele"

Gari likigonga, abiria wa nyuma asiyejifunga hurushwa mbele na kumponda aliyeketi mbele yake, hata kama huyo amejifunga.